Kaburi la Shemeji Isdori

Jumapili, 6 Agosti 2023

Mkoa mzima wa Rukwa hakuna kichwa kama changu. Niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunipa! Watu wa ardhi wenyewe wakikwama kwenye mipaka, wananiita mimi.

Leo dada Dominika kanishika mkono pale kitandani. Hali mbaya. Kasema akifa azikwe Mwazye, ubavuni kwa mumewe Isdori, si pengine. Waliomzika Isdori mwaka 1994 wote wameisha, nimebaki mimi. Nikamwambia: dada, hata unifunge kitambaa machoni, nakufikisha! Nikampa na ile stori ya chui siku ya mazishi — alivyokuja akalala juu ya kaburi, sisi mbio, majembe tumetupa. Kacheka kidogo. Kisha kikohozi.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeenda Mwazye kuhakikisha. Upepo, baridi, nyasi kavu mpaka kiunoni. Misalaba ya mbao mchwa wameimaliza. Vituta tu, vyote sawasawa.

Nikafumba macho nikumbuke. Chui namwona mpaka masharubu! Kaburi — hamna.

Na chui mwenyewe hakuwepo.

Jumatano, 9 Agosti

Redempta, binti wa dada, ni muuguzi. Nikamuuliza kijuujuu, kama naulizia mtu mwingine: kwa nini watu husahau? Kasema kumbukumbu si gunia ulilofunga ukaliweka stoo. Kila ukisimulia unalifungua, unaongeza, unapunguza, unafunga upya. Mwisho unabaki na ile uliyoisimulia. Ambayo huigusi inafifia.

"Ila wewe mjomba huna shida hiyo, eti?"

Nikamwambia kichwa hiki ni godauni la serikali!

Chui nimemsimulia kila msiba, kila kilabu. Kaburi nani aliwahi kuniuliza?

Alhamisi, 10 Agosti

Dada amekufa asubuhi.

Ijumaa, 11 Agosti

Mwazye. Mboje, Msukuma anayelima jirani na makaburi, kaja na sururu na wenzake.

"Mzee, tuonyeshe basi. Au tumsubiri chui?"

Wakaangua kicheko. Kumbe stori imefika mpaka huku!

Redempta hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi tu.

Nikatembea. Nikakata kulia, nikarudi, nikanyoosha mkono kama mpima viwanja. Nikasimama. Hapa!

Mboje kasema mbona hapana hata dalili ya kituta. Nikamfokea: ulikuwepo wewe? Akashika sururu yake. Redempta akapiga magoti palepale. Akaanza kuongea na baba yake — anamwambia mama anakuja kesho, amsogelee.

Sururu ikapiga.

Sasa shimo limefika kiunoni. Nawasikia kutoka hapa nilipokaa. Bado naweza kwenda kuwasimamisha. Halafu niwapeleke wapi? Sina pengine pa kuonyesha.

Pale nilisimama kwa sababu viatu hivi vya kuazima vilikuwa vimenichubua visigino.