Mtani Wangu Amekuwa Mpole

Mpendwa mama mshauri, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba, muulize yeyote hapa Soubré visima visivyokauka kiangazi kachimba nani, watakwambia Seriba Toé, mtu wa kabila la Wasamo kutoka Burkina, na barua hii nimeandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Jirani yangu Rasmané Tapsoba ni Mmosi, mtani wangu, maana Wamosi na sisi Wasamo ni watani tangu mababu, huitana watumwa na kugombania kichwa cha mbwa kwa mzaha, na tangu tuje huku kwenye mashamba ya kakao hakuna asubuhi aliyopita mlangoni kwangu bila kupayuka, "We mtumwa, hujafa tu? Kichwa changu cha mbwa kiko wapi?" nami namjibu, "Nife nikuachie nani, na hata kufunga suruali hujui!" Sasa kaka yangu kafariki kule nyumbani, sikuweza kwenda, watu wa chama chetu cha Waburkina wakaja kukaa matanga nami, wanawake wakapika, halafu Rasmané akaingia, akajilaza kwenye mkeka wangu akajifanya maiti, akasema haamki mpaka apewe kichwa cha mbwa, watu wakacheka, mimi nikashika mpini wa jembe nikamtimua mpaka barabarani. Tangu siku hiyo ananiambia, "Habari za asubuhi, mzee wangu, wajukuu hawajambo?" kama anaongea na polisi, na chama kizima kimemwiga, nikifika kikaoni wananipa kiti kizuri na kuniita mzee wetu. Kumwomba radhi siwezi, sijamwomba mtu radhi tangu nivuke mpaka, ila nauliza, nikifa huku, nani atajilaza kwenye mkeka wangu? Mwambie aache hiyo adabu.

Seriba Toé, Soubré

Mzee Seriba, pole kwa msiba. Kumlilia ndugu ukiwa mbali na kaburi lake ni kazi nzito, na kwa machozi hakuna wa kukulaumu. Kwa mpini wa jembe nakulaumu. Baba mzima, mtani anakuja kukupunguzia msiba, unamfukuza mbele za watu! Ulitaka awe mgeni? Haya, amekuwa mgeni. Huko ugenini wa kukuheshimu utawapata kila kona. Wa kukuita mtumwa unaye mmoja.

Radhi usimwombe. Ukimwomba, atajua kweli mmekuwa watu baki. Kesho usimsubiri apite. Nenda kwake, usipige hodi, keti kwenye kiti chake, mwagize mkewe maji, kisha uliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, Mmosi gani huyu hata kulala maiti hajui? Akikujibu "Karibu, mzee wangu," usiondoke, jilaze hapohapo chini umwonyeshe. Akishika mpini wa jembe, kimbia, baba, kimbia ukicheka. Umesharudi nyumbani.