Rekodi Yetu Iko Nyalenda

Omera, ndugu yangu Were,

Nakusalimu kutoka Nyalenda, kwa binti yangu. Samaki ni wengi, joto ni jingi. Yeye anaenda kazini asubuhi, mimi nabaki na kuta mpaka jioni.

Sasa sikia, wewe mbishi. Ulisema rekodi ya bendi yetu iliisha duniani. Iko! Nimeiona kwa fundi wa redio, chini ya pasi mbovu. Nikamwambia aicheze. "Huyo anayegonga chupa ya soda ni mimi. Kutoka Sondu mpaka Kombewa hakuna aliyeniweza."

Fundi akacheka. "Mzee, hapa kila mzee alikuwa kwa bendi. Hawa walikufa zamani."

Mimi nife? Nikaomba chupa na kijiko. Nikagonga sawasawa na rekodi mpaka akaweka kazi chini. "Baba, kweli ni wewe!"

Halafu ikafika pale katikati, marehemu Okelo anapotuita kwa majina na kila mtu anajibu kwa chombo chake. Sauti yake ni ile ile. Akaniita, nikajibu kwa chupa. Akakuita wewe, gitaa yako ikajibu tamu sana. Nikageuka kukutazama, kama zamani. Nikaona ukuta na redio za watu.

Fundi amenipa hiyo rekodi, naileta. Toa gitaa juu ya kabati, funga waya mpya. Kula vizuri, ndugu yangu, usiugue. Tumebaki wawili, na mimi sitaki kujibu peke yangu.

Ni mimi, Opiyo wa Chupa