Kabla Hujampaka Tahani Wanja

Quartier Asiatique,
Bujumbura.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa dada yangu Houda,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nakuuliza hali. Hilo goti la kushoto linakuacha uswali wima, au bado ni kitini? Sukari ya shemeji imeshuka? Na Lamya wako, na huyo mwanawe, mgeni wetu mdogo Tahani, wanapata usingizi? Picha yake nimeipokea. Paji la uso ni la Mama, na ule mkunjo wa kidevu ni wako, usibishe. Mwenyezi Mungu amkuze katika afya na dini.

Sisi huku tunashukuru. Mvua zimeanza. Mafuta ya gari bado ni shida, tunatembea kwa miguu mpaka viatu vinalia. Mwanangu Talal anafungua duka kila siku, ingawa wengi wanaingia kuuliza bei na kutoka. Ilyas wake, mjukuu wangu, nitamfikia. Ndiye aliyenikalisha kuandika.

Dada, juzi uliponikatia simu sikukasirika. Nilianza vibaya. Mtu hampigii dada yake alfajiri akamwambia wanja wa Mama ni sumu, hata salamu hazijaisha. Ukaniuliza, "Kaltum, umekuwa daktari lini? Mama alitupaka sisi sote, mbona tuko hai?" Ukakata. Nikampigia Lamya. Akanijibu kwa adabu zake kwamba jiwe la wanja umeshalisaga, kwamba Ijumaa hii Tahani anatimiza arobaini na atapakwa kama sote tulivyopakwa, na kwamba yeye hawezi kukuvunjia neno. Basi ni wewe na mimi. Radjabu, kijana wa dukani kwa Talal, anasafiri kuja huko Jumanne, nitamkabidhi barua hii mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, halafu unikasirikie ukitaka.

Ilyas alikuwa na maneno yapata ishirini, unakumbuka nilivyokuwa nikikutumia sauti yake: maji, bibi, paka, gari ya baba. Kuanzia Ramadhani yakaanza kupungua. Leo halitoki hili, wiki ijayo lile. Tumbo likawa gumu, uso umepauka, analia mchana kutwa bila sababu. Malaria hakuna. Dawa ya minyoo akanywa, hakuna kitu. Mwezi wa saba akashikwa na degedege mapajani mwangu, saa nne asubuhi, mwili hauna homa. Nilimsomea kila aya ninayoijua.

Na nilipomaliza kusoma nikamgeukia Ingrid. Unamjua mke wa Talal, alisilimu kabla ya ndoa, kwao ni Gihosha. Nikasema ni mboga za lengalenga za bustani ya mama yake, ni ndagala zake, hao dagaa wa ziwani, ambazo hazioshi vizuri. Nikakataza mtoto asipelekwe kwao. Nikamtoa jikoni kwangu, Dada, mke wa mwanangu. Alinijibu mara moja tu: "Mama, mutoto wa dada yangu anakula hizo ndagala hizo hizo, na anaruka kama mbuzi." Nikamwambia anyamaze. Laiti ningemsikiliza siku ile.

Daktari alichukua damu ya Ilyas ikapelekwa nje ya nchi. Ikarudi ina madini ya risasi, wao wanaita plombe. Na si yeye peke yake. Watoto kumi na wanne mjini hapa walikuwa hivyo hivyo, na kumi na watatu kati yao ni wa nyumba zetu za Kiislamu. Yakaanza maneno barabarani: ugonjwa wa Waarabu. Mwenye duka la vitambaa jirani yetu akakosa wateja wiki nzima, watu wanaogopa hata kushika jora.

Hapo ndipo alipokuja Dévote. Ni mama wa makamo, Mkristo, kazi yake ni kuchunguza magonjwa ya watu wengi kwa pamoja, hagusi sindano. Alihitaji mwanamke anayejulikana ili milango ifunguliwe, nami nawafundisha watoto alif na be pale madrasa, wakanichagua. Nilikubali kwa sababu ya Ilyas, na pia, nikuambie kweli, nilitaka niwepo atakapomtaja Ingrid.

Nilidhani tutakwenda kwa wagonjwa tu. Apana. Kwa kila mtoto mgonjwa alitaka watoto wawili wazima, umri ule ule, mtaa ule ule, na mama zao waulizwe maswali yale yale. Nikamwambia tunapoteza siku, wazima wana nini cha kusema. Akanijibu, "Mama Talal, wagonjwa peke yao hawaniambie kitu. Wote walikunywa maji. Na wazima je, hawakukunywa?" Nilikuwa nimesikia maneno ya namna hiyo jikoni kwangu.

Watoto arobaini na wawili, nyumba kwa nyumba. Maji mnateka wapi, sufuria za aina gani, rangi ya ukuta, maziwa, michezo ya watoto, kazi ya baba. Wengine walitukaribisha kwa chai. Mzee mmoja alisimama mlangoni, akamwambia Dévote, "Wewe unatuandika ili tufukuzwe?" Akatufungia mlango, nusura unikate vidole. Dévote akasema na mbao za mlango: "Mzee, mi sitafute mwenye makosa. Natafuta ile njia ugonjwa inapita." Mlango ukakaa vile vile, tukatafuta nyumba nyingine.

Swali moja lilikuwa hili: mtoto anatumia dawa yoyote, au kipodozi? Wote wakasema apana. Na mimi kwa Ilyas nikasema apana, bila kusita, na asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kumpaka wanja. Sikusema uongo, Dada. Wewe ungejibu vipi? Kwetu wanja si dawa wala si urembo. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta, anapigwa wanja, imekwisha.

Akabaki huyo wa kumi na nne, aliyekuwa nje ya nyumba zetu: Maxime, miaka mitatu, wa Mutakura. Dévote alilikazia macho jina lake muda mrefu. Akasema, "Huyu hafanane na wengine. Ni yeye atatuambia." Tukaenda kwa miguu, jua la saa sita. Mama yake ni Geneviève, yule aliyenisaidia jikoni miaka sita kabla hajaanza kuuza maandazi sokoni. Tukauliza yote. Maji mengine, sufuria nyingine, maziwa hanywi. Dévote alikuwa anafunga daftari lake.

Mtoto akatoka chumbani anajifikicha macho. Chini ya macho mstari mweusi. Akafuta, akatia kidole mdomoni.

"Hii ni nini kwa macho?" Dévote akauliza.

Geneviève akacheka. "Uliza Mama Talal, ni yeye alinipa. Alisema mutoto atakuwa na macho ya Mwarabu. Angalia sasa, macho imekuja, pua imekataa."

Akaingia ndani, akaleta kichupa. Kifuniko cha buluu. Kikaratasi chenye mwandiko wako, Dada: kwa watoto. Kilikuwa kimoja kati ya vile sita ulivyonitumia mwaka juzi kwa mkono wa mahujaji. Niliviona vingi kwa Ilyas peke yake, nikagawa. Nilikaa chini, kwenye gunia la makaa, na nguo yangu ya kutokea.

Tulirudi nyumba zote, sasa tukauliza wanja kwa jina lake. Wagonjwa kumi na wanne, kumi na wawili wanapakwa. Wawili waliobaki ni ndugu, baba yao kule Buyenzi anavunja betri za gari uani, ni plombe ile ile imepita mlango mwingine. Wazima ishirini na wanane, wanaopakwa ni watatu tu. Nilimshika Dévote kwa hao watatu, nikamwambia, unaona, si wanja. Akasema pengine wanapakwa siku ya Idi pekee, pengine hawalambi vidole, na hata hivyo damu yao ipimwe. Ilipimwa. Imo, kidogo. Na kichupa chako kilipopimwa, kilikuwa karibu chote ni plombe. Wengine hawakupata kwako, walinunua kwa wasafiri wengine, lakini ni jiwe la namna ile ile.

Sasa nijibu swali lako: mbona tuko hai. Nimelala nalo tangu juzi. Mama alizaa wanane, tukakua watano. Wale watatu tulikuwa tukiambiwa ni degedege. Na kaka yetu Jaffar, aliyefika utu uzima hajui kuhesabu mpaka kumi, tukasema ndivyo alivyoumbwa. Nilimuuliza Dévote kuhusu Jaffar, nikitaka aseme ndiyo ili nije nikupige nayo. Alikataa. Alisema hesabu yake ni ya watu wengi, kwa marehemu mmoja hawezi kuapa, huenda lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwa hiyo na mimi siapi. Lakini Dada, wanaojibu kwamba wako hai ni sisi tulio hai. Wale watatu hakuna aliyewauliza.

Najua utasema ni sunna. Nilikwenda kwa sheikh wetu nikiwa na kichupa ndani ya mfuko. Akaniambia, "Jiwe alilolisifu Mtume wetu si kila jiwe jeusi analouza mtu sokoni, na dini inakataza kudhuru." Ijumaa iliyofuata akasema hayo hayo msikitini. Yule mzee wa mlango alileta vichupa vyake mwenyewe, ndani ya gazeti, hakunisalimia.

Wewe hukujua. Mimi sikujua. Kwa tusilolijua Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lakini sasa tumeshajua, na ajuaye ataulizwa. Geneviève nilimwomba radhi pale pale kwenye gunia. Ingrid ilinichukua siku mbili, niliogopa uso wake. Nilipomaliza kusema alinitazama, akasema, "Haya Mama, twende tupike." Tulipika ndagala. Amerudi jikoni, nami nakata vitunguu.

Ilyas anakunywa dawa ya kuitoa plombe mwilini. Daktari anasema atapona kiasi, kiasi gani hajui. Jana alitazama bomba akasema, "Maji." Neno moja. Ingrid alifungua bomba likatiririka mpaka ndoo ikafurika, hakuna aliyetaka kulifunga.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu wa tumbo moja, usimpake Tahani. Mimi kumwambia Lamya haitoshi, mwambie wewe kwa kinywa chako mwenyewe, kwa kuwa anakutii. Wanja uliousaga usimpe jirani, usiumwage bustanini, uupeleke hospitali wapime. Kinu ulichotumia usikisagie pilipili tena. Mama alikuwa akipaka huku akisoma Ayatul Kursiyu na kupuliza, sauti yake ninayo masikioni. Msomee mtoto vile vile, umpanguse uso kwa viganja vitupu. Kile kijiti cha fedha cha Mama nimekiosha, nimekifunga kwenye leso yake. Sitakitupa, lakini hakitagusa jicho.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze halua. Nisalimie Lamya, umwambie asiniite shangazi, mimi ni mama mdogo, na mama mdogo ana haki ya kuogopa. Nibusie Tahani macho yote mawili. Talal na Ingrid wanakusalimu, Geneviève pia, hana kinyongo nawe. Mwenyezi Mungu akuongezee umri wenye heri, akulinde goti na moyo, na atukutanishe tena tukiwa tumesameheana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu tulipolala mkeka mmoja,

Kaltum

Nimesahau jambo. Radjabu nimemwambia asiishie getini. Atakaa sebuleni mpaka umalize kusoma, mpe kahawa. Kisha atanipigia simu na kukupa. Huna haja ya kuzungumza nami kama bado una hasira. Sema "sitampaka" tu, urudishe simu.