Kitambaa cha Mgeni

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku machimboni mimi mzima, vumbi la kokoto ndiyo poda yangu. Wewe je, mgongo na cherehani bado hawajapatana? Na wifi yako na tumbo lake?

Nasikia unataka kumfukuza mbwa wangu kabla mtoto hajazaliwa. Dada, nakupigia magoti. Meneja hana ubaya. Jina lenyewe nilimpa kwa sababu hafanyi kazi, anakaa kivulini anatazama wenzake wakifanya. Wivu anao, hapo sibishi. Nikikaa karibu na mke wangu, anakuja kujipenyeza katikati kama mama mkwe.

Sasa sikia. Kuna mtu nimemuuzia mabuti ya mtumba, la kulia kubwa kuliko la kushoto, hajagundua bado. Kumbe ni daktari wa mifugo. Anasema mbwa hakujui kwa sura, yeye anakujua kwa harufu. Mzoesheni kuona mtu kabeba kitu kifuani. Msimfokee. Na mtoto akizaliwa, kabla hajaletwa nyumbani, kitangulie kitambaa alichofungiwa. Meneja anuse huku anapewa kipande cha nyama. Mgeni akifika, mwenyeji anamjua tayari.

Mjaribu kwa hilo. Akishindwa, mtoe, sitanuna.

Mdogo wako, muuza mabuti

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi kavimba miguu, ila anacheka, na mgongo wangu unalia kuliko cherehani.

Umenitia aibu mtaani. Nimefunga boga kwenye khanga, nalibeba kifuani nikizunguka nalo uani ili mbwa wako aone. Jirani kanikuta nalibembeleza, akaniuliza taratibu kama leo nimekula. Meneja siku ya kwanza alibweka. Sasa nikiliimbia boga anajilaza miguuni kwangu anasinzia. Sijui nani kamzoesha mwenzake.

Mgeni nimemshonea kitambaa cha njano, pindo mara mbili, kisimkwaruze. Mbwa wako atabaki. Ila akimlamba mtoto usoni, na mimi namlamba mwiko.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama, maana mimi hapa moyo unapiga kama nyundo ya mawe.

Dereva wa lori kasema mke wangu mmempeleka hospitali, uchungu umeanza. Basi nimegawa soksi bure kambi nzima. Nimewapa mojamoja, ili warudi kununua ya pili.

Kitambaa kimeshatangulia? Nyama usisahau, Meneja hafanyi kikao bila chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baba Mgeni

2 Aprili

Mdogo wangu,

Kama umesimama, kaa kwanza. Wifi yuko hai, mwili unapona.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa asubuhi, akalia vizuri. Nilimfunga mwenyewe kile kitambaa. Baadaye wauguzi wakambadilisha, nami nikakimbia nacho nyumbani kama ulivyoagiza. Meneja akanusa, akala nyama yake, mkia ukafagia sakafu yote. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Niliporudi hospitali nikamkuta wifi anatazama ukuta. Pumzi zilimshinda mtoto, baba. Pole.

Mvua ilikata barabara, lori halikupita. Tukamzika bila wewe. Nisamehe.

Sasa mbwa wako hana wa kumwambia kwamba mgeni haji. Analala mlangoni na kitambaa. Mtu akiingia anainuka, anamnusa mikono, anarudi kulala. Jana nikataka kukichukua nikifue, nikidhani kinamtonesha wifi. Tangu arudi alikuwa hajafungua mdomo. Akatoka chumbani, akasema, "Muache." Akakaa chini pale pale mlangoni, akainama, akanusa na yeye.

Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mnyama kungoja. Nimwondoe? Niambie la kufanya.

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mzigo ulioubeba peke yako. Leo utani nimeutafuta, sikuupata.

Barua yako nilikuwa namsomea yule daktari wa mifugo. Nikakwama katikati, akamalizia yeye. Nikamuuliza mbwa anafundishwaje kuacha kungoja. Akasema hicho chuoni hawakumfundisha. Kisha akavua mabuti, akasema lile la kulia limemshinda tangu mwanzo, alinyamaza tu kwa vile nilikuwa na furaha.

Meneja usimwondoe. Mke wangu mwambie nakuja. Barabara imefunguka, lori likipakia na mimi nimo.

Ila nakuomba, dada, kitambaa usikifue, hata kikiwa kichafu vipi. Wewe ulimshika. Mama yake alimshika. Hata mbwa anamjua. Ni mimi tu ambaye bado. Nikifika nisogezeeni hapo mlangoni, na Meneja mwambieni anigawie.

Baba yake