Napewa Pole kwa Ufadhili Ambao Sikuutaka

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mke wangu anakwenda chuoni kumwambia mkuu wa idara kwamba anaiacha nafasi yake ya kusomea shahada ya uzamivu, ule udaktari wa vitabuni, na anaiacha kwa ajili yangu, na mimi hiyo nafasi siitaki, siitaki kabisa, ila hakuna anayelijua hilo isipokuwa mimi na sasa wewe.

Nianze mwanzo usije ukaniona mwendawazimu. Mimi na mke wangu wote tumesoma sosholojia, ndiko tulikokutana. Mimi niko kwenye ofisi moja ya utafiti, nawafundisha wadodosaji, yaani wale wanaopita nyumba kwa nyumba na maswali, nawaonyesha namna ya kubisha hodi, namna ya kukaa bila kumtisha mwenyeji, namna ya kunyamaza mtu akiwa bado anatafuta jibu lake, kisha natoka nao, na kazi hii naipenda jamani, napenda kuingia sebuleni kwa mtu nisiyemjua akanisogezea kiti akaanza kunieleza maisha yake. Mke wangu anafundisha sekondari, lakini kichwa chake chote kiko kwenye utafiti, kwa muda mrefu amekuwa akifuatilia jinsi wapangaji wa nyumba moja wanavyogawana bili ya maji, nani analipa zaidi, nani anasemwa chinichini, nani anajaza ndoo wenzake wakiwa kazini, na akianza kukusimulia na wewe utajikuta unauliza ikawaje, ikawaje.

Mwaka huu idara ikatangaza nafasi moja tu yenye ufadhili, ada yote pamoja na posho ya kujikimu mpaka mtu amalize, na bila ufadhili sisi hatuwezi hata kuota, mishahara yetu inaishia kwenye kodi na chakula. Tukaomba wote wawili. Yeye aliomba kwa sababu anaitaka, mimi niliomba kwa sababu mama yangu ananiita Daktari tangu nikiwa shule ya msingi na sikuwa na ubavu wa kumwambia kwamba Daktari hana habari na udaktari. Nikatunga pendekezo la utafiti lenye kichwa kirefu, mpaka mimi mwenyewe nikikisoma lazima nipumzike katikati. Kwenye usaili profesa mmoja akaniuliza nitatumia nadharia gani, nikamjibu kwa maneno mazuri ambayo nilipotoka mlangoni sikuweza kuyarudia, na njia nzima nikawa namwomba Mungu wasinichague.

Mungu akanisikia. Matokeo yakatoka, mke wangu wa kwanza, mimi wa pili, mtu wa akiba, yaani yeye akikataa nafasi inaniangukia mimi moja kwa moja. Mama Mshauri, nilipoona jina langu liko chini ya lake nilijisikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana baada ya kutwa nzima. Nilikwenda kazini napiga mluzi. Jumamosi nikalala mchana fofofo, usingizi ambao sikuuonja tangu nianze kuandika lile pendekezo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mke wangu kuniona nimelala mchana akasema moyoni, mume wangu amevunjika. Nikikaa kimya kwa raha zangu anadhani nameza uchungu. Siku moja nikakataa chakula kwa sababu dereva wetu wa ofisini alikuwa ameninunulia kingi cha kunipa pole, mke wangu akaondoka mezani, nikamsikia analia jikoni. Mama naye akaja na mfuko wa nguo, eti amekuja kunitazama, akanikuta kwenye kochi, akaketi ukingoni akanishika mkono kama mgonjwa, "Pole Daktari wangu, jikaze, na wewe utapata." Kisha akamgeukia mke wangu aliyekuwa anakunja shuka, "Hivi mwanangu, mwanamke mwenye mume wake anashindana naye kweli? Hukujua kwamba nafasi ni moja?" Mke wangu akaendelea kukunja shuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafumba macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Jumamosi iliyopita tukiwa wawili akaniambia, "Nimeamua. Ijumaa naenda kwa mkuu wa idara, hiyo nafasi uichukue wewe. Mimi nitasubiri nyingine." Nikamwambia asifanye hivyo. Akasema, "Unasema hivyo kwa sababu unanionea huruma. Niambie ukweli, inakuuma?" Nikamjibu, "Kidogo." Sijui hiyo kidogo ilitoka wapi. Nadhani niliona haya kusema hainiumi hata chembe, baada ya watu wote hao kunibembeleza, na nikiwa mkweli nimeshaanza kuzoea kubembelezwa, siku hizi naletewa chai mpaka kitandani.

Sasa nikisema ukweli, mama atajua kwamba Daktari wake hayupo na hatakuja kuwepo, na mke wangu atajua kwamba nilimwacha asemwe bure nikiwa macho. Nisiposema, yeye anabaki na chaki mkononi na mimi nakwenda kukaa miaka na nadharia nisizozielewa. Niliwaza nimwache ajitoe kisha na mimi nikatae, lakini idara imesema tukikataa wote wawili nafasi inakwenda idara nyingine. Nifanyeje mwenzenu?

Mimi, Mtu wa Akiba

JIBU

Marahaba, Mtu wa Akiba. Wasomaji wanakusoma leo Jumapili, lakini mimi nilikupigia simu Alhamisi asubuhi, mara tu nilipofungua bahasha, maana ningesubiri gazeti ungekuwa umeshaozwa kwa hiyo shahada. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa faida ya waume wengine waliofumba macho kwenye makochi yao.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kutoitaka shahada si dhambi wala si uvivu. Una kazi inayokufanya upige mluzi, na wengi wanaosoma ukurasa huu wangetoa chochote wapate ya namna hiyo. Uzamivu ni kukaa na swali moja miaka mingi, kula nalo na kuamka nalo, na mtu asiye na swali linalomwasha asijaribu, hata akilipiwa kila kitu mpaka nauli. Wewe swali huna. Una kichwa cha pendekezo kinachokukata pumzi. Kushusha pumzi ulipokosa ilikuwa haki yako, na hapo niko upande wako.

Nikifika kwenye kochi nakuhama. Mkeo amesemwa ndani ya nyumba yake kwa kosa la kushinda, na wewe uliyekuwa na neno la kumwokoa ukajifanya umesinzia. Unalipwa mshahara kuwafundisha watu jinsi ya kupata majibu ya kweli milangoni kwa wageni, kisha mkeo anakuuliza swali moja jepesi unamdanganya, halafu unapokea chai kitandani. Naomba hiyo chai ikome leo.

Na mkeo naye nina neno lake. Mwanangu, nafasi uliyoipata kwa akili yako si sahani ya chakula ya kumsogezea mwenzio kwa sababu amenuna. Wale maprofesa walisoma habari zako za bili ya maji wakauliza ikawaje, kama anavyouliza mumeo. Ukiwaachia huyu watapata mwanafunzi atakayelala mchana miaka yote, na hutamfurahisha hata huyo mama mkwe, maana atakuja kuuliza udaktari umefikia wapi, na wewe ndiye utakayekuwa jikoni siku hiyo.

Sasa la kufanya, na sitaki ulipambe. Unamwambia mkeo leo, kabla ya chakula, bila kuzunguka. Unasema sikuitaka, niliomba kwa kumwogopa mama, nilifurahi nilipokosa, na siku ile mama anakusema nilikuwa macho. Hilo la mwisho usiliruke, ndilo zito. Kisha unyamaze kama unavyowafundisha wadodosaji wako. Atakasirika, mwache akasirike mpaka amalize, usianze kujitetea wala kumletea zawadi.

Baada ya hapo unakwenda kwa mama, na unamwambia mkeo akiwepo, kwa kinywa chako, usimtume dada yako wala mjomba. Mwambie kwamba mkeo hakumnyang'anya mtu kitu. Mama akilia, mbembeleze. Amekuita jina hilo tangu ukiwa mtoto na ana haki ya kulisikitikia. Ila akianza tena kumsema mkeo, unasimama na unajibu wewe.

Halafu mkae mezani na kalamu. Posho ya mwanafunzi mara nyingi haifiki mshahara wa mwalimu, kwa hiyo mpange mapema kodi italipwa na nani na nini kitasubiri. Mkeo aulize shuleni kwake kama anaweza kupewa likizo ya masomo badala ya kuacha kazi kabisa. Na chuoni asisaini kitu kabla hawajamwandikia bayana posho inaishia lini, nani anagharamia safari za kukusanya taarifa, na itakuwaje akiugua au akipata mtoto katikati ya masomo. Wengi hupokea ufadhili kwa machozi ya furaha bila kuuliza hayo, na mwaka wa tatu wanalia machozi mengine. Wewe jifunze kupika. Mwanamke anayeandika tasnifu hawezi kukukuta kwenye kochi kila akiinua macho.

Alhamisi jioni ukanitumia ujumbe, na nakushukuru, maana sikuwa nimefanya kazi ya maana kutwa nzima. Umesema ulimweleza yote, hata lile la kochi. Umesema aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama, akakuuliza, "Kwa hiyo ni yangu?" Ukamjibu ni yako. Akauliza tena, ukamjibu tena. Kisha akakufokea kwa kirefu, akacheka, akaomba chakula, akala mpaka cha kwako. Jana ukaniandikia tena kwamba Ijumaa alikwenda chuoni kusema anaipokea, na mama amekununia wewe, ambaye ndiye ulistahili kununiwa tangu mwanzo. Niliposoma nilishusha pumzi hapa ofisini mpaka mpiga chapa akaniuliza kulikoni.

Lakini kuna kitu nilikitafuta kwenye barua yako, nikakitafuta tena kwenye jumbe zako, sikukiona. Tangu matokeo yatoke wewe umepewa pole na dereva, na mama, na mke mwenyewe. Yeye aliyeshinda watu wote, wewe ukiwemo, sikuona mahali popote ambapo mtu amemwambia hongera. Ameuliza mara mbili kama ni yake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni yake. Liweke hili gazeti chini ukamwambie sasa hivi. Na kama ni yeye aliyelifungua kabla yako, basi mimi nimekuwahi: hongera sana, binti yangu. Ni yako.