Ritifaa Kwenye Kibao cha Reli

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Pasaka sijakufungua, na sina udhuru. Mtu aliyewalazimisha watoto wa watu kuandika kila siku hana haki ya udhuru.

Leo nimekwenda kukiona kibao kipya cha kumbukumbu, kule barabara kuu inapopita kando ya mkato wa reli ya zamani. Reli yenyewe iling'olewa kitambo. Limebaki bonde jembamba lililopasuliwa katikati ya kilima, na misonobari imeota pale treni ilipokuwa ikipita. Kibao ni kizuri: chuma cha kijani, herufi za dhahabu. Nimekisoma kwa makini, kama ninavyosoma kila kitu. Nukta zipo mahali pake. Kuna nukta-mkato moja, tena imetumika sawasawa — jambo adimu siku hizi!

Lakini kichwa cha habari! GRAVES CUT. Hakuna ritifaa. Graves ni ukoo wa mama yangu. Babu ndiye aliyetoa ardhi ile. Ndivyo tulivyoambiwa utotoni kila tulipopita pale. Ni mkato wa akina Graves. Basi iko wapi ile alama ndogo inayoning'inia kwenye jina, ya kuonyesha kwa Kiingereza nani mwenye mali? Watu wa serikali ya jimbo, wenye vyeo na ofisi, wamesimamisha chuma chenye kosa ambalo nisingemsamehe mtoto wa darasa la sita.

Sijatulia tangu nirudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimelirekebisha.

Asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Kopo la rangi ya dhahabu ambayo marehemu mke wangu Nell alipakia fremu za picha, na brashi yake nyembamba. Ritifaa moja, baada ya S, mahali pake hasa. Nimerudi nyumbani, nikala mayai na mkate wa mahindi kwa hamu ambayo sijaisikia tangu mazishi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa mkahawani kwa Dot. Hoyt Graves, binamu yangu, yule wa duka la matrekta, alikuwa akitamba mbele ya kaunta. "Mmeona kile kibao? Hatimaye jina letu limeandikwa sawa!" Nami nikatabasamu ndani ya kikombe changu cha kahawa. Nilitabasamu!

Akaingia Verlene Mayhew, muuguzi mstaafu. Ndiye aliyewaandikia watu wa jimbo mwaka hadi mwaka mpaka wakakubali kuweka kibao. Hakuvua hata koti.

"Hoyt, umekipaka rangi wewe?"

"Mimi? Sijapaka. Ila aliyepaka aje, nitamnunulia kuku wa kukaanga."

"Nani kawapa nyinyi makaburi yetu?"

Dot akabaki na birika la kahawa hewani.

"Makaburi gani tena, Verlene? Lile ni jina letu."

"Jina lenu liko kwenye benki. Liko kwenye uwanja wa mpira. Liko kwenye duka lako na kwenye kofia uliyovaa. Pale ni makaburi, Hoyt. Wafungwa weusi walikodishwa kwa wenye reli wauchimbe ule mkato, na waliokufa wakafukiwa ukingoni kama mbwa. Watu wetu ndio waliopaita hivyo, Mkato wa Makaburi. Baba wa babu yangu yuko pale. Miaka yote hii hana hata jiwe la kaburi, na wiki hii kapata mwenye nyumba!"

Graves. Makaburi. Kwa Kiingereza ni neno lilelile, herufi zilezile. Kila Septemba nilikuwa nikifundisha maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana! Mfano wangu ulikuwa *bank*, la benki na la ukingo wa mto. Haikunijia hata siku moja kulitazama jina la mama yangu.

Nililipa, nikaendesha gari mpaka kwenye kibao. Mstari wa nne: *Wafungwa waliokodishwa walichimba mkato huu; waliokufa wamezikwa ukingoni, hapo juu.* Ndiyo ileile nukta-mkato niliyoisifu! Niliisoma sentensi nzima, nikaiona alama yake tu. Watu waliozikwa ndani yake sikuwaona. Nilisoma kama ninayesahihisha mtihani.

Kidoti kimoja cha rangi, na nimewachukua wafu wa watu nikawaandika kuwa mali ya babu yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Watu wa kanisa la Verlene wameziondoa mashine zao za kukatia nyasi dukani kwa Hoyt, nyingine hazijamalizwa kutengenezwa. Dirisha lake limerushiwa mayai. Mji mzima una hakika ni yeye.

Nilidhamiria kwenda kuikwangua ile rangi. Nimefika na kisu cha mezani, nikamkuta mpwa wa Verlene amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kibao, anakilinda. Tumesalimiana. Akanipa karanga za kuchemsha. Nimezila.

Alhamisi, 16 Oktoba

Verlene amekuja nyumbani na pai ya viazi vitamu.

"Mwalimu, nina ombi. Usinikatalie."

"Sema, Bi. Verlene."

"Ile Jumapili ya kukizindua kibao watu wa jimbo watakuwepo. Nimewaambia wasiifute kwanza ile alama, kila mtu aione. Halafu nataka mtu asimame aeleze kosa liko wapi. Nikisimama mimi, watasema Verlene ana hasira zake. Ukisimama wewe, ni sarufi."

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Ilitoka kabla sijaifikiri.

"Samahani lakini. Najua ni ukoo wa mama yako."

"Sarufi haina ukoo," nikamjibu. Mdomo huu!

Akacheka mpaka akashika kifua. "Binti yangu ulimtoa machozi kwa ajili ya koma moja. Leo zamu yetu kufaidi."

Pai iko mezani. Sijaikata. Sioni ni kwa haki gani ningeikata.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hoyt amekuja. Hakuvaa kofia.

"Alton, mimi kile kibao sijakigusa. Naapa kwa mama. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Wewe peke yako! Mke wangu mwenyewe ananitazama upande upande. Nilijitapa kwa Dot, kweli, mdomo wangu mpana. Lakini kupaka sijapaka. Nasikia Jumapili unazungumza. Basi waambie si mimi. Wewe watakuamini, mtoto wa mchungaji ulimfelisha na mchungaji akaja kulia hapa barazani."

"Nitawaambia."

Amenikumbatia. Binamu yangu hajawahi kunikumbatia, hata kwenye mazishi ya Nell.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijalala. Nimevaa suti. Hotuba iko hapa mezani, ukurasa mmoja, safi. Yote imenyooka isipokuwa sentensi moja.

Nimeandika: *Ritifaa hii iliwekwa kimakosa.*

Sarufi yake haina dosari. Haimtaji Hoyt. Verlene ataridhika, watu wa jimbo watapiga makofi, rangi itafutwa kabla ya chakula cha mchana. Maisha yangu yote nimezikata sentensi za namna hii kwa wino mwekundu. *Iliwekwa. Ilivunjika. Ilipotea.* Pembeni nilikuwa nikiandika swali moja tu, na watoto walilichukia: *Na nani?*

Hata mkato wenyewe, tangu utotoni tuliambiwa "ulichimbwa". Sikumwuliza babu.

Nimechukua kalamu nyekundu. Nimeandika swali lile pembeni mwa hotuba yangu mwenyewe. Chini yake nimeacha nafasi ya jina, na nafasi bado iko wazi.

Honi nje. Ni Verlene, amekuja kunichukua. Anasema mtu atakayesema kweli asifike kwa kuchelewa. Nyuma ya gari lake naona gari la Hoyt, anatusubiri tuongozane.

Kopo la rangi limo mfukoni mwa koti. Sijui nimelichukua ili nilitupe au nilionyeshe. Nitakapokuwa nimeijaza ile nafasi, kwa jina langu au kwa mstari mtupu, nitaandika hapa, na nitaandika kwa kauli ya kutenda.

Honi tena. Nakuja.