Mstari wa Watoto wa Tumbo

Bibi,

Mke mwenza wako nimefika salama Vwawa. Nakuandikia hata viatu sijavua, na vimejaa saruji ya kaburi lako, maana leo tumekusakafia. Limependeza, kwa hilo mjomba nampa haki yake. Kwa mengine simpi kitu.

Hukuona alichonitenda siku tunakuzika. Unajua pale kwetu Hasamba waliolala tumboni mwa marehemu ndio hutangulia kutupa udongo. Mama yangu hayupo, nikasema nitasimama mahali pake. Udongo nilishauchota. Mjomba, huyo kifungua mimba wako, akanishika mkono mbele ya watu wote: "Wewe ni wa kwa baba yako. Hapa ni wa tumbo tu. Kasimame na wakwe." Udongo ukanimwagikia miguuni. Halafu akawaita wanawe wawili, wakatupa! Mimi uliyenilea tangu mama afariki, niliyekuogesha ulipougua, nikatupa baada ya majirani. Nilimchukia, Bibi. Bado namchukia.

Leo akarudia. "Watoto wa tumbo waje waweke saruji ya kwanza." Wanawe hao, kila mmoja na mwiko wake. Lakini kufundisha baiolojia ndiyo kazi yangu, nikajua leo namkomesha.

Nikasema kwa sauti ya darasani, wazee wenzake wa kanisa wakisikia. Mtoto wa kike huumbwa na mayai yake akiwa bado tumboni mwa mama yake. Yai huanza kujigawa humo humo, kisha husimama na kusubiri mpaka binti akue. Kwa hiyo Bibi alipokuwa na mimba ya mama, yai nililotoka mimi lilikuwemo mle ndani. Tumboni mle nimelala. Mbegu za kiume je? Hizo huanza kutengenezwa mvulana akibalehe, na hutengenezwa mpya kila siku. "Wanao, mjomba, kwako walianza ukiwa na ndevu. Tumbo la Bibi hawalijui. Walilolala wao, wakiwa yai ndani ya mama yao, ni la mama mkwe wako."

Mama mdogo alicheka, kile kicheko chako hasa. "Kumbe! Basi watoke, wakasimame na wakwe!"

Weee! Vijana waliweka miko chini. Mjomba akabaki na karai mikononi, nami nikachota kwenye karai lile lile alilolishika, nikaweka saruji ya kwanza pale kichwani pako. Nilijisikia raha, sikufichi.

Ulizoea kunitania, "Wewe ni wangu, mama yako alikupitisha tu." Nilikuwa nacheka. Njiani kurudi huku nimelia, kwa sababu Bibi, ulikuwa unasema kweli na hatukujua wote wawili.

Sasa hivi mama mdogo amepiga simu, katumwa na mjomba: yaishe. Hayaishi. Najua ungenikaripia. Nikaripie basi, nisikie sauti yako.

Lala salama, mke mwenza. Nakuahidi jambo moja. Siku mjomba naye akilazwa pale kando yako, nitakuwepo. Nitasimama kaburini niulize kwa sauti hii hii: waliolala tumboni mwa marehemu wako wapi, waje watupe udongo? Tuone nani atajitokeza.

Mjukuu wako wa tumbo.